Soya Mbichi na Kazi ya Moto

Katika pwani ya Kismayo na visiwa vya Bajuni, kama vile Koyama, Chovai na Chula, soya si zao la shamba wala chakula cha mazoea kama samaki na kunde. Wengi waliijua baada ya vita vya Somalia vya 1991, katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab nchini Kenya au kwenye vituo vya msaada, ikiwa imekwisha kusagwa pamoja na mahindi katika magunia ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Unga huo hupitishwa kwenye joto kiwandani, na si kwa ajili ya kurahisisha upishi tu.

Punje mbichi ya soya ina vizuizi vya protiasi, yaani protini zinazovishika vimeng'enya vinavyovunja protini tumboni na kuvizuia kufanya kazi. Kinachoathirika zaidi ni tripsini, ambayo hutolewa na kongosho; ikizuiwa, kongosho huzidi kuitoa, na kwa panya na vifaranga waliolishwa soya mbichi kiungo hicho hukua kupita kiasi. Mwaka 1917 watafiti Osborne na Mendel wa Marekani walikwisha kuonyesha kwamba panya hawakui vizuri kwa soya isiyopikwa.

Vizuizi hivyo ni vya aina mbili kuu. Cha Kunitz huharibiwa na joto kwa urahisi kiasi, lakini cha Bowman-Birk, kilicho kidogo na kilichokazwa kwa vifungo saba vya salfa, ni sugu zaidi. Ndiyo maana soya hulowekwa usiku kucha, kisha ikachemshwa kwa nusu saa au zaidi: joto lenye unyevu hupenya punje, ilhali kukaanga kavu huweza kuunguza ganda kabla ya kiini kuiva. Hata hivyo moto uliozidi nao huharibu lisini, amino asidi muhimu, hivyo viwanda hupunguza vizuizi bila kulazimisha viishe kabisa.

Maziwa ya soya huhadaa zaidi, kwa kuwa povu hupanda kabla hayajachemka kwelikweli, na mpishi asiyejua huyaepua mapema. Kunde nazo zina vizuizi vya jamii hiyo, ila anayezitokosa mpaka zilainike amekwisha kulimaliza tatizo bila kulitaja.

Anayenunua punje za soya ili apate unga wa uji wa mtoto na azichemshe kwanza, azianike zikauke, ndipo azipeleke mashineni.