Wanandoa wakitengana, akaunti ya pamoja ya biashara iendeshwe vipi?

Katika biashara nyingi za familia zinazovusha mizigo Namanga, Holili au Horohoro, fedha za nyumbani na za biashara hukaa akaunti moja. Humo hutoka ada ya shule, na humo humo hutoka mafuta ya lori, posho ya dereva na utingo na malipo ya wakala wa forodha. Mume na mke wanapotengana, ugomvi wa nyumbani hufika mpakani kabla haujafika mahakamani.

Ieleweke kwanza kuwa benki haiangalii ndoa. Inaangalia fomu iliyojazwa siku akaunti ilipofunguliwa. Kama fomu inaruhusu sahihi ya mmoja yeyote, mmoja anaweza kuchukua salio lote asubuhi na benki isiwe na kosa. Kama inataka sahihi za wote wawili, hundi haipiti bila sahihi ya pili, hata lori likiwa limelala mpakani siku tatu.

Chukua mfano wa wanandoa wa Arusha wanaopeleka vitunguu Nairobi. Akaunti yao ina shilingi milioni 18, lakini milioni 11 kati ya hizo ni malipo ya awali ya wateja ambao mzigo wao haujapakiwa. Mume anahama nyumbani na kutoa milioni 9, akiamini ni nusu yake. Kwa kweli fedha za wawili hao ni milioni 7 tu, na zinazobaki hazitoshi hata kutimiza ahadi kwa wateja. Ndiyo maana kazi ya kwanza si kugawa salio bali kutenganisha madeni ya biashara, kwa kutumia taarifa ya akaunti ya miezi sita hivi kabla ya kutengana.

Aghalabu benki ikipata barua ya mmoja wao kuwa kuna mgogoro, huzuia utoaji wa fedha hadi wote wawili wakubaliane au mahakama itoe amri. Wengi hushauriwa kufanya hivyo haraka. Kwa msafirishaji, hata hivyo, dawa hiyo ni kali: rejesho la mkopo wa lori linaweza kukwama na riba ya adhabu ikaanza kuhesabiwa. Na kama mkopo wamesaini wote, kwa kawaida benki inaweza kumdai yeyote kati yao deni zima, si nusu.

Njia nafuu ni kubadili akaunti iwe ya sahihi mbili, wakaandikiana ni malipo gani ya biashara yataendelea, kisha kila mmoja afungue akaunti yake ya matumizi binafsi. Mabadiliko hayo kwa kawaida huhitaji wote wawili wasaini, hivyo yafanyike wakiwa bado wanazungumza. Kadi na huduma ya benki kwa simu visisahaulike. Sahihi mbili kwenye hundi hazisaidii kitu ikiwa namba ya siri iko kwenye simu ya mmoja.

Kisheria, pande mbili za mpaka hazifanani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inachukulia mali yenye majina ya wote kuwa ya nusu kwa nusu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mahakama inaweza kugawa mali iliyochumwa pamoja inapotoa amri ya kutengana au talaka. Kenya nayo, kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, inaanza na dhana hiyo hiyo ya nusu kwa nusu, lakini mgawanyo husubiri ndoa ivunjwe, na Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kuwa nusu haiji yenyewe, mchango lazima uthibitishwe. Kabla ya talaka, mwanandoa anaweza kuiomba mahakama itamke haki yake katika mali inayogombewa. Waislamu wa Kenya wanaweza kufuata sheria ya Kiislamu katika suala hili.

Aidha, mwenye akaunti pande zote mbili akumbuke kuwa zuio lililotolewa na mahakama ya Arusha haliifungi lenyewe akaunti iliyoko Nairobi. Benki ya huko husubiri amri ya mahakama ya Kenya, na siku zinazopita katikati hapo zinatosha kuhamisha fedha zote.