Habari za njia: nani anazisema, nani anazisikia?



Katika nchi nyingine magari yenyewe yamekwisha kuanza kusemezana. Mwaka wa 2019 Volkswagen ilitoa Golf mpya yenye redio ya kazi hiyo. Gari likifunga breki ghafula, linayaarifu magari mengine yaliyo mita mia kadhaa kutoka hapo, bila dereva kugusa kitu. Magari ya namna hii yaweza kutuma ujumbe hata mara 10 kwa sekunde: niko hapa, naelekea huku, mwendo wangu ni huu.

Kwetu, kwenye njia ya taifa namba 3 inayotoka Bukavu kwenda Kisangani, wanaosemezana ni madereva na wamotari. Anayetoka Ndjingala humwambia anayetoka Walikale mahali lori limekwama, mahali daraja limelegea, mahali bariera mpya imesimamishwa. Zamani ilikuwa kwa fonia, ambayo kila mwenye chombo aliisikia. Leo ni sauti za WhatsApp, pale mtandao unapokubali. Hata hivyo maswali yaliyowasumbua mafundi wa Ulaya ni yale yale ya hapa.

La kwanza: je, habari hii ni ya kweli? Mwenye hila aweza kusema njia kubwa imefungwa, ili watu wapite kijia anakowangojea. Kwa hiyo kila ujumbe wa gari hutiwa sahihi ya siri, pamoja na cheti cha mamlaka inayotambulika. Ni kama barua ya utambulisho ya mkristo anayehamia parokia nyingine: tunatazama muhuri wa mchungaji wake. Muhuri huo hauthibitishi kwamba mtu husema kweli siku zote, na ndiyo maana gari linalodanganya hunyang'anywa cheti. Ujumbe hubeba pia saa yake, na uliochakaa hukataliwa.

La pili ni gumu zaidi. Sahihi hiyo yaweza kumsaliti mwenyewe. Kama cheti ni kimoja daima, mtu aliyeketi kando ya njia na chombo cha kupokea atajua gari fulani hupita lini na hulala wapi. Basi gari hupewa vyeti vingi vya muda mfupi, visivyo na jina, nalo huvibadilisha mara kwa mara. Mamlaka nayo hugawanywa: ofisi moja yamjua mwenye gari, nyingine yavijua vyeti, wala hakuna yenye kujua yote peke yake. (Watunza fedha wa parokia zetu wangependezwa na mpango huo, au wangeuogopa.)

Katika vikundi vyetu mara nyingi tunafanya kinyume. Sauti imepita mikono ishirini, hakuna ajuaye aliyeisema kwanza wala siku gani. Lakini inataja jina la msafiri, rangi ya pikipiki, saa ya kuondoka, hata kwamba amebeba mshahara wa walimu. Uhakika hamna, na siri hamna.

Wengine husema afadhali kunyamaza. Hatukubali. Kuanzia tarehe 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, kwenye njia ya Kibua hadi Mpofi, katika wilaya yetu hii ya Walikale, vijiji 13 vilishambuliwa na watu zaidi ya 300 walibakwa, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Askari wake walikuwa na kambi Kibua. Vijiji vingi havikuwa na mtandao wa simu wa kuita msaada.

Tusome Matendo 23. Mpwa wa Paulo alisikia habari za watu waliotaka kumvizia mjomba wake. Hakuitangaza sokoni. Alimwambia Paulo, kisha jemadari, naye jemadari akamwagiza asimwambie mtu mwingine. Usiku ule ule Paulo alisafirishwa na askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200.

Kwa hiyo tunaziomba parokia za njiani zichague mtu mmoja au wawili wa kupokea habari. Wao wamjue aliyeona kwa macho yake, nao walifiche jina lake. Kwenye kikundi kiende mahali, siku na saa, bila jina la msafiri wala mzigo wake. Na sauti za zamani zifutwe kabla ya safari, maana simu nyingi hufunguliwa kwenye bariera.