Hodi Kabla ya Picha

Zamani mtu wa Mwanza aliyetaka picha alivaa nguo zake njema, akaenda kwa mpiga picha mjini, akaketi kitini, akalipa fedha yake, akarudi na picha yake mwenyewe. Ruhusa ilikuwamo katika kule kwenda kwake. Siku hizi mambo yamegeuka. Simu imemfanya kila mtu kuwa mpiga picha, na picha humfuata mtu asiyeiita: sokoni, kivukoni, shuleni, hata kitandani pa ugonjwa. Basi twapenda kulieleza swali ambalo wazazi na walimu hujiuliza: ni lini yampasa mpiga picha kuomba ruhusa, na ni lini haimpasi?

Desturi yetu yatupa mwanzo wa jibu. Mtu apitaye njiani haombi ruhusa kuitazama nyumba ya jirani. Bali atakaye kuingia hupiga hodi, akangoja kuambiwa karibu. Na picha ni vivyo hivyo. Ukipiga picha ya Jiwe la Bismarck lisimamavyo majini, au ya daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, na watu wakawa wanapita mbali, wadogo kama siafu, umeitazama nyumba kwa nje. Lakini ukimkaribia mama mmoja auzaye dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hata uso wake ukaijaza picha, umekwisha fika mlangoni. Piga hodi kwanza.

Tena ziko hodi mbili, wala moja haitoshi mahali pa nyingine. Kukubali kupigwa picha si kukubali picha ienezwe. Mama yule akikubali kwa ajili ya ukumbusho wako, hajakubali uso wake ubandikwe katika tangazo la biashara, wala maneno ya umaskini yaandikwe chini yake. Mji wetu walijua jambo hili. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper wa Austria, iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa Mwanza juu ya biashara ya sangara. Ilizunguka ulimwenguni, ikashindania tuzo ya Oscar mwaka 2006. Na mwaka uo huo Rais Jakaya Kikwete akailaumu hadharani, kwamba yaliharibu jina la nchi. Wengine waliitetea, wakisema yaonyesha dhiki za kweli. Sisi hatukai kuamua ugomvi ule. Neno tulionalo ni hili: uso uliopigwa kando ya ziwa huweza kutazamwa na maelfu ambao mwenyewe hatawaona kamwe, wala hana njia ya kuwajibu. Kwa hiyo aombaye ruhusa na aseme wazi picha inakwenda wapi, na kwa kazi gani.

Wala jambo hili si adabu tu, bali ni sheria. Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 16, yampa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake, maisha yake na jamaa yake. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yalinda habari za mtu awezaye kutambulikana. Na uso ndio utambulisho wa kwanza wa mtu. Habari za watoto zimewekwa katika fungu la taarifa nyeti, ambazo hutaka idhini ya maandishi. Enyi walimu, angalieni. Mwezi wa Septemba 2023 huko Kenya, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi za Kenya 4,550,000 kwa sababu ilitangaza picha za watoto pasipo idhini ya wazazi. Basi picha ya darasa au ya sikukuu isitolewe hadharani kabla mzazi hajaulizwa.

Huku kwetu iko sababu nyingine, nayo ni nzito kuliko faini. Twakumbuka kwa huzuni jinsi watu wenye ualbino walivyowindwa na kuuawa katika sehemu za Mwanza, Shinyanga na Geita, hasa tangu miaka ya 2006 na 2007. Picha ya mtoto wa namna hiyo, pamoja na jina la kijiji chake au la shule yake, yaweza kumwonyesha mwovu njia. Aliyeipiga huenda alikusudia mema, hata kumtafutia mtoto msaada. Lakini mwovu haulizi makusudi. Hapo yafaa kumwuliza mzazi, na akikubali, bado kulificha jina la mahali.

Na wafu je? Ziwa letu limetuachia misiba mikubwa: MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Aliyekufa maji hawezi kusema ndiyo wala hapana. Wenye neno ni jamaa zake, na haifai wapate habari ya msiba wao kwa kuuona mwili wa mpendwa wao katika simu ya mtu baki.

Basi twawasihi, mfundisheni hivi kila kijana aliye na simu. Kwanza, aseme jina lake na sababu ya picha. Pili, angoje jibu, na asihesabu woga au kicheko kuwa kibali. Tatu, amwonyeshe mtu picha yake, na akisema, "Ifute," aifute mbele ya macho yake. Nne, kwa mtoto amwulize mzazi. Kwa mgonjwa, angoje hata awe na akili timamu. Kuuliza si ujinga. Na aliyekataliwa asikasirike, kwa maana hata nyumbani kwa rafiki, wakati mwingine mtu hubisha hodi asikaribishwe, akaenda zake kwa amani.