Kilomita za Angani na Saa za Msafiri wa Fizi

Mji wa Baraka, ulioko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika katika eneo la Fizi, na jiji la Kinshasa, lililoko upande wa pili wa nchi, hukaribiana sana kwa latitudo, yaani kipimo cha umbali wa mahali kutoka ikweta, kwani kote ni digrii nne na ushei kusini. Kinachoitenganisha miji hiyo ni longitudo, kipimo cha mashariki na magharibi, inayotofautiana kwa digrii 13 na robo tatu hivi. Na kwa kuwa karibu na ikweta kila digrii ni takriban kilomita 111, umbali wa angani hutokea kuwa kilomita 1,500 na kidogo.

Ndege ya jeti ikishafika juu hukata kilomita 800 hadi 900 kwa saa, lakini muda unaoandikwa kwenye tikiti huhesabiwa tangu inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama tena, hivyo kwa umbali huo safari huwa ya saa mbili na robo hivi. Saa ya ukutani husema jingine. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, jua huifikia Baraka dakika 55 hivi kabla ya Kinshasa, na serikali imeifanya tofauti hiyo kuwa saa moja kamili, kwa hiyo ndege inayoruka kutoka mashariki saa nne asubuhi hutua Kinshasa saa tano na robo. Kinshasa hadi Brussels ni zaidi ya kilomita 6,200, ila kwa kuwa safari ni ya kwenda kaskazini, majira ya baridi ya Ulaya saa za miji hiyo hulingana.

Hesabu hizi, pamoja na uzuri wake, huanzia uwanjani, na hapo ndipo zinapomwacha mkaazi wa Fizi. Uwanja wa Kavumu, unaohudumia Bukavu, uko kama kilomita 200 kaskazini mwa Baraka, na tangu waasi wa M23 walipouteka Februari 2025 safari za abiria za Kinshasa zilikatika. Kalemie iko umbali kama huo kusini. Bujumbura ni kilomita 90 tu kwa mstari wa angani, ambazo jeti ingezimaliza kwa dakika chache, lakini abiria wa gari hupita Mboko, Makobola na Uvira kwa Barabara ya Taifa namba 5, inayoharibiwa na mvua na mito itokayo milimani, kisha hukabili mpaka ambao nao una siku zake za kufungwa.

Wenye jamaa Marekani, jamaa ambao wengi wao walipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, husafiri kutoka Bujumbura hadi Addis Ababa, kilomita 1,700, na huko huanza safari ya kilomita 11,500 hadi Washington. Uwanja wa Addis Ababa uko zaidi ya meta 2,300 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini na uwezo wa mabawa kuinua mzigo, hivyo ndege haiwezi kuruka ikiwa na abiria wote pamoja na mafuta ya safari nzima, na upepo mkali wa Atlantiki ya Kaskazini huvuma kuikabili. Kwa sababu hiyo ndege za kwenda zimezoea kutua njiani kuongeza mafuta, kwa miaka kadhaa mjini Dublin, ilhali za kurudi, zikiondokea uwanja wa chini na kusukumwa na upepo uo huo, huruka moja kwa moja.