Sentimita 10 Zinazoinyoosha Pikipiki

Msomaji mmoja wa Morogoro ana Honda CG125 ya zamani aliyoachiwa na baba yake mdogo. Ameibomoa yote uani kwao: injini iko juu ya gunia, tangi limekwanguliwa rangi, fremu imetundikwa kwenye mwembe. Anataka kuunda chopa, ile pikipiki ya miguu mirefu mbele na usukani wa juu, na fundi wa kuchomelea wa mtaani kwao amemhakikishia kwamba kurefusha shokapu za mbele kwa sentimita 20 ni kazi ya asubuhi moja. Anachoniuliza ni kama injini ya cc 125 itamudu kuivuta chopa hiyo.

Itamudu. CG125 ilitoka mwaka 1976, na Honda waliichora makusudi kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubeba mizigo mizito na oili haibadilishwi kwa wakati. Vali zake husukumwa na fito za chuma badala ya mnyororo mdogo unaodai kukazwa kila mara, na injini nyingi za Kichina zinazonguruma vijiweni leo ni vizazi vya mchoro huo. Mambo ya kabureta, plagi na nyaya za taa atafundishwa na fundi yeyote mzuri, tena vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Kilichonikalisha chini kuandika ni hizo sentimita 20.

Kabla hajakata chuma, naomba afanye jambo moja. Aazime pikipiki nzima ya jirani, aitoe kwenye stendi, asimame kando yake na kuishika kwa kiti tu, bila kugusa usukani. Ailaze kidogo kushoto. Usukani utageuka wenyewe kushoto. Ailaze kulia, nao utageuka kulia. Hakuna aliyeushika, magurudumu hayazunguki, na bado gurudumu la mbele limetambua upande ambao pikipiki inataka kuangukia, likaelekea hukohuko. Nimewaonyesha watoto jambo hili, na waendesha bodaboda waliokaa barabarani miaka mingi, na sijawahi kulizoea. Chuma kisicho na akili kinajua kujiokoa.

Maana huko ndiko kujiokoa. Pikipiki iliyo mwendoni ikianza kulala kushoto, dawa yake ni magurudumu kukimbilia kushoto yakarudi chini ya uzito. Dereva hufanya hivyo bila kufikiri, lakini pikipiki imeshaanza kufanya kabla yake.

Siri imo shingoni. Shingo ya fremu ni lile bomba fupi lenye gololi juu na chini, ambamo usukani huzungukia. Halikusimama wima, limelala kuelekea nyuma. Fikiria mstari unaopita katikati ya bomba hilo, uteremke nao hadi ardhini. Utagusa chini mbele ya mahali tairi linapokanyaga. Tairi la mbele, ambalo kwa macho yetu ndilo linaloongoza msafara, kumbe linafuata nyuma ya mstari unaoligeuza. Katika pikipiki nyingi za barabarani umbali kati ya pointi hizo mbili hauachani sana na sentimita 10.

Umbali huo unahitaji jina. Mafundi niliowauliza huuonyesha kwa viganja viwili na kuendelea na kazi. Nimefikiria kuuita mkia, lakini mkia wa pikipiki uko kwingine. Mfuato unanukia chaki ya darasani. Nitauita mburuto, kwa kuwa ndicho kinachotendeka: tairi linaburutwa na shingo.

Aliyekulia pwani amewahi kuburuta kuti la mnazi. Likamate kwenye kikonyo, kule kunene, kisha tembea. Kuti linakufuata. Ukikata kona linachelewa kidogo, halafu linajipanga nyuma yako. Mtu akilipiga teke likaenda upande, hatua mbili tatu mbele limeshajirudisha lenyewe. Mchanga unalivuta nyuma, mkono unalivuta mbele, na mvutano huo hautulii mpaka vyote viwili viwe kwenye mstari mmoja. Sasa geuka ulisukume, ncha ikitangulia. Hatua ya kwanza litakwenda vizuri. Ya pili, ncha itaegemea upande kidogo, mchanga utaisukuma zaidi upande uleule, na kabla hujasema lolote kuti limezunguka na kukupita, ncha iko nyuma yako. Ukiburuta, kosa dogo linakufa. Ukisukuma, kosa dogo linazaa. Na urefu una kazi yake. Kipande cha kuti cha shubiri moja hujirudisha, lakini kwa unyonge, kila kijiwe kinakipeperusha. Kuti zima la mita nne hujinyoosha kwa nguvu ambayo mkono unaisikia, ila jaribu kugeuka nalo kwenye uchochoro kati ya nyumba mbili! Wakimpakia mtoto juu yake, kama tulivyofanyiana sote, hapo bega ndilo linalogeuka badala ya kiganja. Tairi la mbele ndilo kuti, shingo ndiyo mkono, lami ndiyo mchanga, na mburuto ndio urefu wa kuti. Pikipiki yenye mburuto mfupi huitikia upesi na hutetemeka upesi. Yenye mburuto mrefu hunyooka kama reli kwenye barabara ndefu, na hugoma kwenye kona ya sokoni.

Jaribio la pikipiki ya jirani nalo lina maelezo papo hapo. Ardhi huisukuma pikipiki juu, kupitia pale tairi linapokanyaga. Pikipiki ikiwa wima, msukumo huo hauligeuzi gurudumu popote. Ikilala kushoto, sehemu ya msukumo huwa inaelekea ubavuni mwa gurudumu, na kwa kuwa inaligusa nyuma ya mstari wa shingo, inalizungusha: nyuma ya gurudumu inakwenda kulia, mbele inakwenda kushoto. Bila mburuto, msukumo huo haulizungushi gurudumu. Ndiyo maana napenda kipimo hiki kuliko vyote vilivyomo kwenye pikipiki. Hakina nati wala bolti, hakiuzwi dukani, na kila fundi anayekata fremu anakibadilisha, ajue asijue.

Tuingie kwenye namba. Chukua gurudumu ambalo kutoka ekseli hadi chini ni milimita 300, yaani rimu ya inchi 18 na tairi lake. Shingo ilale nyuzi 26 kutoka wima. Vile vibao viwili vya chuma vinavyozishika shokapu, cha juu na cha chini, huzitanguliza kidogo mbele ya mstari wa shingo, tuseme milimita 40. Wengi hudhani kutangulizwa huko kunaongeza mburuto. Kunaupunguza, kwa sababu kunalisogeza tairi mbele, karibu na pale mstari wa shingo unapogusa ardhi. Kwa vipimo hivyo, hesabu ya pembetatu ya sekondari inatoa mburuto wa milimita 102.

Sasa rudi kwa fundi wetu wa kuchomelea. Akirefusha shokapu kwa milimita 200, mbele ya pikipiki inanyanyuka kama milimita 180. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kukiwa na mita 1.3, fremu nzima inainamia nyuma kwa nyuzi 8 hivi, na shingo imo ndani ya fremu, kwa hiyo nayo inalala nyuzi 34. Mburuto unaruka kutoka 102 hadi milimita 154, na hakuna aliyeigusa shingo.

Kuna jambo la pili lililojificha nyuma ya hilo. Shingo inapokuwa imelala, kugeuza usukani kunaiteremsha mbele ya pikipiki. Uzito hupenda kushuka. Kwa hiyo ukiwa mwendo wa polepole, ukiugeuza usukani kidogo tu, uzito wenyewe unauvuta uendelee kugeuka, na mikono inabidi iuzuie. Mvuto huo hutokana na mburuto na mlalo wa shingo kwa pamoja, kwa hiyo unakua upesi kuliko mburuto peke yake. Kwa shokapu za msomaji wetu unakaribia kuwa mara mbili ya ule wa kiwandani. Shingo ikilazwa nyuzi 45 kwa gurudumu lilelile na vibao vilevile, mburuto unafika milimita 243 na mvuto huo unakuwa mara tatu. Ndiyo sababu chopa hupendeza kwenye barabara kuu na humtoa jasho mwenyewe anapoingia kituo cha mafuta.

Waliozizaa pikipiki hizi waliyajua hayo kwa mikono. Chopa mashuhuri kuliko zote, zile za filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969, ziliundwa Los Angeles kutokana na Harley-Davidson kuukuu za polisi zilizonunuliwa mnadani. Aliyezibuni ni Clifford Vaughs na fundi wake mkuu alikuwa Ben Hardy, Wamarekani weusi wote wawili, na majina yao hayakutajwa kwenye filamu hiyo. Picha za mwigizaji wake Peter Fonda juu ya pikipiki ile zilizunguka dunia nzima, nao walibaki hawajulikani kwa miaka mingi. Ninawataja hapa kwa furaha. Baadaye mafundi wa chopa waligundua ujanja mzuri: kutengeneza vibao vya shokapu vyenye pembe yake, ili shokapu zilale zaidi kuliko shingo. Gurudumu likatangulia mbele na mburuto ukapungua, pikipiki ikabaki ndefu na mikono ikapumzika. Ukizidisha, mburuto unaisha kabisa, na hapo unasukuma kuti.

Upande wa pili wa bahari vijana wa Uingereza walikuwa wakivuta kamba kinyume. Mafundi wa miaka ya 1950 na 1960 walitaka kona. Walichukua injini ya Triumph, wakaiweka ndani ya fremu ya Norton iliyobuniwa na Rex McCandless wa Belfast, wakaiita Triton. Fremu hizo zilipatikana kwa sababu Norton hawakupenda kuuza injini peke yake, kwa hiyo waliokuwa wakizitaka kwa ajili ya magari madogo ya mashindano walinunua pikipiki nzima, wakachomoa injini, na mifupa ikabaki. Vijana wanaofuata mtindo huo leo huiteremsha mbele ya pikipiki kwa kuzipandisha shokapu ndani ya vibao vyake, usukani ukawa chini na kifua kikalala juu ya tangi. Teremsha mbele kwa milimita 50 kwenye pikipiki yetu ya mfano, na shingo inasimama hadi nyuzi 24, mburuto unapungua hadi milimita 90. Wenyewe husema pikipiki imekuwa nyepesi. Mizani haitaonyesha tofauti yoyote, kuti limefupishwa tu.

Nikiri upande wa nadharia kwamba mburuto hautawali peke yake. Mwaka 2011 watafiti wa Delft na Cornell walieleza katika jarida la Science baiskeli waliyoiunda bila mburuto na bila msaada wa mzunguko wa magurudumu, nayo ikajisimamisha yenyewe kwa jinsi uzito ulivyopangwa. Haikuwa na mpandaji. Msomaji wetu anakusudia kupanda.

Kwa hiyo aishushe fremu kutoka kwenye mwembe, arudishe magurudumu na shokapu za kiwandani, na mtu mwenye uzito kama wake akae mahali pa kiti, pikipiki ikiwa wima kwenye sakafu iliyo sawa na gurudumu la mbele limenyooka. Ateremshe timazi kutoka katikati ya ekseli ya mbele, atie alama ya chaki. Kisha achukue ubao mwembamba ulionyooka, aulaze sambamba na shokapu ubavuni mwa shingo, upite usawa wa katikati ya shingo na kushuka hadi sakafuni, atie alama ya pili. Kati ya chaki na chaki ndipo ulipo mburuto wake. Kazi hiyo haina gharama, na ningependa ifanyike katika kila gereji ya uani kabla mashine ya kukatia haijawashwa.

Ushauri wangu ni milimita 60, si 200. Shingo italala kama nyuzi 28 na nusu, mburuto utakuwa karibu milimita 117, na umbo la chopa litaonekana vizuri akishusha kiti, akapandisha usukani na kuweka tangi dogo. Mabomba ya shokapu yasiungwe kwa kuchomelewa katikati, kwa sababu breki huyakunja hapohapo. Yakerezwe mapya, marefu, na mtu wa mashine ya kukereza. Kebo ya breki nayo irefushwe.

Akiona 117 hazimtoshi, anitumie namba tatu alizozipima mwenyewe: kimo cha ekseli kutoka chini, mlalo wa shingo, na umbali kati ya alama za chaki. Kutokana na hizo tatu naweza kupata vibao vyake vimezitanguliza shokapu kwa kiasi gani, na tukajua pamoja kama aongeze urefu au achonge vibao vipya.