Maji Yaleyale Mara Tano: Umeme wa Mto Tana Huko Embu

Mto Tana unapokata nyanda kavu za Mbeere, katika Kaunti ya Embu, maji yake hufanyishwa kazi mara tano. Yakitoka Masinga huingia Kamburu, kisha Gitaru, Kindaruma na mwisho Kiambere. Msururu huu wa mabwawa huitwa Seven Forks, na unaendeshwa na kampuni ya umeme ya KenGen.

Ujenzi haukufuata mkondo wa mto. Kindaruma ilitangulia mwaka 1968, ikafuatwa na Kamburu mwaka 1974 na Gitaru mwaka 1978. Masinga, iliyo juu kabisa, ilikamilika mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Masinga huzalisha megawati 40 tu, lakini ndiyo roho ya mfumo mzima: ziwa lake, lenye eneo la kilomita za mraba 120 hivi, huweka akiba ya maji ya masika ili vituo vya chini visikauke wakati wa kiangazi.

Gitaru ndiyo yenye nguvu zaidi, megawati 225, na mitambo yake imewekwa chini ya ardhi. Maji huteremka kwa kasi ndani ya handaki, yakasukuma mapanga ya turbini. Mhimili huzunguka pamoja na jenereta, umeme ukapatikana, nayo maji hutoka upande wa pili na kuendelea na safari ya Kindaruma.

Si kila mto unaoingia Tana hushiriki kazi hii: mito ya Meru, kama Kathita na Mutonga, huingia Tana chini ya Kiambere, kwa hiyo haizungushi hata turbini moja kati ya hizi.

Udhaifu wa mfumo huu ni mvua. Mwaka 2009 ukame ulilazimisha kituo cha Masinga kufungwa. Mwaka 2024 bwawa hilohilo lilifurika. Ndiyo maana Kenya imeutazama umeme wa nyuklia, usiongoja mawingu. Kinu cha nyuklia huchemsha maji kwa joto la urani, na mvuke ndio huzungusha turbini. Kisha mvuke huo hupozwa kwa maji mengi, jambo linalofanya wajenzi wapende pwani. Kinu kimoja tu cha Daya Bay, kusini mwa China, kilichoanza kazi mwaka 1994, kina megawati 984, ilhali vituo vyote vitano vya Tana havizidi 600. Kenya ilipopendekeza Uyombo, Kilifi, wenyeji walipinga wakihofia bahari na riziki yao, na hofu hiyo ilistahili kusikilizwa. Baadaye macho yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria.

Wakati huohuo, mabwawa ya Tana yana tatizo jingine: mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya na Aberdare hubeba udongo wa mashamba. Maji yakifika bwawani hutulia, udongo ukazama, na nafasi ya akiba ikapungua mwaka hadi mwaka. Rupingazi, unaopita kando ya mji wa Embu, hupeleka wake Kamburu kupitia mto Thiba. Matuta na nyasi zinazozuia udongo huo kwenye miteremko ya Manyatta, huko Embu, ni sehemu ya mtambo wa umeme, na serikali inapaswa kuyagharamia hivyo.