Tofali za kuotea moto

Pap Onditi, katika nyanda za Nyakach, kaunti ya Kisumu, adui wa kwanza wa mahali pa kuotea moto uani ni ardhi yenyewe. Udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba masika na kupasuka kiangazi, na ukuta hufuata. Afadhali udongo huo uchimbwe, changarawe ishindiliwe kwanza.

Hesabu ni nyepesi. Duara la kipenyo cha mita 1 kwa ndani hula tofali 14 za sentimita 22 kila mstari; mistari 4 ni 56, na chache za kufidia zitakazovunjika.

Tofali zilizoiva vyema tanuruni hulia kama kengele zikigonganishwa. Kwa kuziunganisha, saruji, kipenzi cha mafundi, hudhoofika kwenye moto mkali. Udongo wa kichuguu na mchanga huvumilia zaidi. Mawe ya mtoni yaachwe: maji yaliyomo yakichemka huweza kuyalipua.